Kengele Itakaponyamaza



Hapa shuleni kengele hutuita kwenye sala. Mkimaliza kidato cha nne, kengele inabaki hapa. Ndipo wengi huifungia Biblia sandukuni.

Wamisionari wa Moraviani waliofika Rungwe mwaka 1891, kisha wakateremka Ipyana hapa Kyela, walikuja na desturi ya kwao Herrnhut: neno moja fupi la Biblia kwa kila siku, linalopigwa chapa kila mwaka tangu 1731. Kwa kuwa ni fupi, limedumu.

Basi nanyi anzeni na kidogo. Agano Jipya lina sura 260. Soma moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki 52 zikiisha, umelimaliza. Jumamosi fidia iliyokupita. Chagua saa yako na uishike: mvuvi wa usipa kabla mtumbwi haujatoka jioni, mkulima wa mpunga kabla ya kushika jembe. Mavuno yakikuzidi, usikate tamaa. Endelea pale ulipoachia.

Haba na haba hujaza kibaba.