Shule za Kiislamu Kasongo na Kabambare
Shule za Kiislamu za kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zimebeba mzigo wa historia. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Zanzibar, hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mwaka 1893. Baadaye wakoloni waliachia misheni za Kikristo elimu, na Waislamu wengi wakabaki na chuo cha Kurani tu. Leo shule za Kiislamu zenye mkataba na serikali hufuata mtaala wa taifa na kupokea watoto wa dini zote, wasichana pia. Lakini kwa mtoto wa kijiji kilicho mbali na shule, kuwepo kwa bweni ndiko huamua kama atasoma. Wahitimu wengine hurudi kufundisha, ingawa mishahara ya serikali haiwafikii walimu wote.