Asiyekuwapo Aulizwe: Majira ya Joto Katika Mitaa ya Chicago

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi katika semina ya elimu ya ushirika.)

Nimetakiwa niseme machache juu ya habari na matukio ya mtaa. Najua kuwa kwa katibu aliyelemewa na hesabu za mazao, stakabadhi na mikopo, jambo hili laweza kuonekana dogo. Tangazo la ngoma, la mechi ya watoto, la usafi wa Jumamosi au la chakula cha pamoja hubandikwa ubaoni, likasomwa, kisha likanyeshewa na mvua. Nia yangu leo ni kuonyesha kuwa matangazo hayo yana uzito kuliko tunavyodhani, na kwamba mahali pengine yamehusiana na uhai na mauti ya watu. Mfano wangu nimeutoa mbali, katika mji wa Chicago, Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mambo yaliyotokea huko yalichunguzwa kwa makini na kuandikwa, hata yeyote apendaye kujifunza aweza kujifunza.

MTAA UNAPOTOKA NJE

Chicago umejengwa ukingoni mwa Ziwa Michigan. Wakati wa baridi maji huganda, theluji hufunika njia, na watu hujifungia majumbani kwa miezi mingi. Majira ya joto ni mafupi: Juni, Julai na Agosti. Basi joto likifika, watu hutoka nje kama walioachiwa huru. Viti huwekwa mbele ya milango, watoto hujaa barabarani, na kila mtaa hutangaza shughuli zake.

Mji huo una maeneo 77 yanayotambuliwa kwa majina, mgawanyo ulioanzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka ya 1920. Kila eneo lina desturi zake. Katika mitaa ya Wamarekani Weusi ya upande wa kusini, sikukuu kuu ya majira hayo ni gwaride la Bud Billiken, ambalo kwa kawaida hufanyika Jumamosi ya pili ya Agosti. Gwaride hilo lilianzishwa mwaka 1929 na Robert Sengstacke Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, ambalo alikuwa amelianzisha mwaka 1905. Gazeti hilo lilikuwa na ukurasa wa watoto, na watoto waliousoma waliunda klabu yao. Gwaride likawa siku yao ya kuonekana na kushangiliwa. Hadi leo vikundi vya ngoma, matarumbeta na wachezaji hupita katika barabara iitwayo kwa jina la Martin Luther King, wakaishia bustani ya Washington. Kwa wazazi, siku hiyo ni ishara pia kwamba shule zakaribia kufunguliwa.

Katika eneo la Pilsen, ambako wengi wana asili ya Meksiko, iko sherehe ya Fiesta del Sol mwishoni mwa Julai. Sherehe hiyo ilianza mwaka 1972, wakati ambapo wakazi walikuwa wakidai wajengewe shule ya sekondari ya karibu. Shule ilipatikana, ikafunguliwa mwaka 1977 na kupewa jina la Benito Juárez. Hivyo ngoma zile zilizaliwa na madai, na mikutano ya madai ndiyo iliyowapa watu mazoea ya kukutana.

Lakini yaliyo makubwa si yote yaliyo ya maana. Chini ya magwaride hayo kuna kitu kidogo zaidi, nacho ni kikundi cha majirani wa kipande kimoja cha barabara, yaani nyumba zinazotazamana kutoka njia panda moja hadi nyingine. Vikundi hivi ni vya zamani. Shirika la Urban League la Chicago, lililoanzishwa mwaka 1916, lilivihimiza sana, hasa kwa ajili ya watu waliokuwa wamehamia kutoka mashamba ya kusini. Kikundi husafisha njia, hupanda maua, na aghalabu husimika ubao penye njia panda kutaja yasiyotakiwa: kelele za muziki, kuosha magari barabarani, kucheza mpira mbele ya nyumba za watu. Siku moja katika majira ya joto majirani huomba kibali kwa njia ya diwani wao, barabara hufungwa magari yasipite, meza hupangwa katikati ya njia, nyama huchomwa, na wazee huketi kivulini wakitazama wajukuu.

Siku kama hiyo hutanguliwa na kazi. Lazima mtu agonge kila mlango, aandike majina, aulize nani ataleta chakula na nani hawezi kushuka ngazi. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Sherehe hudumu siku moja, bali orodha ya majina hubaki.

JULAI 1995

Katikati ya Julai 1995, joto kali liliushukia mji. Tarehe 13 Julai kipimo katika uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzi 41 za Selsiasi, na unyevu wa hewa ulifanya joto lihisiwe kuwa kubwa zaidi ya hapo. Usiku haukuleta nafuu. Nyumba za matofali zilihifadhi joto kama tanuri. Maelfu ya nyumba zilikosa umeme. Watu walifungua mabomba ya zimamoto ya barabarani ili watoto wajimwagie maji, na sehemu nyingine maji yakapungua majumbani.

Kisha maiti zikaanza kufika katika ofisi ya uchunguzi wa vifo, nyingi kuliko chumba kilivyoweza kupokea, hata yakaletwa malori yenye majokofu. Mkuu wa ofisi hiyo, Dk. Edmund Donoghue, alitangaza kuwa joto lilikuwa likiua watu kwa mamia. Meya Richard M. Daley alizitilia shaka hesabu hizo mwanzoni, lakini hesabu zilizofanywa baadaye zilimthibitisha daktari: katika juma moja walikufa watu zaidi ya 700 kuliko ambao wangekufa kwa kawaida. Wengi walikuwa wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao. Walikutwa vyumbani, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Mwezi Agosti makumi ya watu ambao hakuna jamaa aliyejitokeza kuwachukua walizikwa pamoja katika kaburi moja refu.

Ndugu zangu, yafaa tulitafakari jambo hili. Mji ule ulikuwa na hospitali, simu na magari ya wagonjwa, nao u kando ya ziwa la maji baridi. Aliyekufa hakukosa vitu hivyo kwa kuwa havikuwapo. Alikosa mtu wa kugonga mlango wake.

MITAA MIWILI ILIYOPAKANA

Mtaalamu wa elimu ya jamii, Eric Klinenberg, mzaliwa wa Chicago, aliichunguza habari hiyo kwa miaka kadhaa na kutoa kitabu mwaka 2002. Katika uchunguzi wake alilinganisha maeneo mawili yanayopakana upande wa magharibi: North Lawndale na South Lawndale, hilo la pili likijulikana zaidi kwa jina la Little Village. Maeneo hayo yalipata joto lile lile. Yote mawili yalikuwa na wazee wengi maskini, na kiasi cha wazee wanaoishi peke yao kilikaribiana. Hata hivyo, North Lawndale walikufa watu 40 katika kila watu 100,000, na Little Village hawakufika hata wanne katika idadi hiyo. Tofauti ni mara kumi, na kati yao ni kuvuka mpaka tu.

Mtu mvivu wa kufikiri atasema kuwa upande mmoja watu wana upendo na upande mwingine hawana. Sivyo kabisa. North Lawndale ilikuwa na makanisa, vikundi vya majirani na watu wenye moyo. Kilichoondoka pale ni mambo yanayomfanya mtu atoke nyumbani. Eneo hilo lilikuwa na wakazi kama 125,000 mwaka 1960. Mwaka 1990 walibaki kama 47,000. Kampuni ya Sears, iliyokuwa na makao yake pale, ilihamia katikati ya mji miaka ya 1970. Viwanda vingine vikafungwa. Ghasia zilizofuata kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968, ambaye mwenyewe alipanga nyumba katika eneo hilo mwaka 1966, ziliteketeza maduka mengi ambayo hayakujengwa tena. Penye duka pakawa kiwanja kitupu, na penye kiwanja kitupu pakaingia biashara ya dawa za kulevya. Mzee afanye nini? Hujifungia ndani. Na anayejifungia ndani kwa miaka, siku ya hatari hakuna anayeshangaa kutomwona.

Little Village kulikuwa na Barabara ya 26, iliyojaa maduka, mikahawa na wachuuzi wa matunda na barafu tamu. Bibi wa miaka themanini alikuwa na sababu ya kushuka ngazi: kununua mkate, kwenda misa, kupata kivuli na baridi ya dukani. Akishuka alionekana. Asiposhuka, muuza duka aliuliza. Hakuna aliyekaa akapanga mpango wa kuwaokoa wazee wa mtaa ule. Kelele za kila siku za barabarani zilifanya kazi hiyo bila kujijua.

Somo halikupotea bure. Joto kali liliporudi mwaka 1999, wakuu wa mji walitoa maonyo mapema, wakafungua majumba yenye hewa baridi, wakapiga simu kwa wazee na kuwatuma askari na watumishi wagonge milango ya wanaoishi peke yao. Watu zaidi ya 100 walikufa, na msiba huo haukuwa mdogo. Lakini ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa miaka minne kabla.

SISI NA VYAMA VYETU

Sasa tuulizane: haya yatuhusu nini sisi wanaushirika?

Mwaka huo huo wa 1995, Jumamosi ya kwanza ya Julai, Siku ya Ushirika Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza ikiwa imetambuliwa na Umoja wa Mataifa. Siku kumi na mbili tu baadaye Chicago ikapatwa na joto lile. Na mwezi Septemba wa mwaka huo, mkutano wa Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliofanyika Manchester, Uingereza, uliongeza kanuni ya saba katika kanuni zetu: kujali jamii. Mambo haya yalikutana kwa bahati tu, lakini bahati hiyo yatusaidia kuielewa kanuni yenyewe. Wengi wetu tumeizoea kama maneno ya mwisho katika orodha ukutani. Kumbe kanuni hiyo ina kazi ya kila juma.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika mkutano wa kugawana mazao methali hiyo yaweza kuwa kweli. Lakini chama kinachostahili jina la ushirika hakina budi kuigeuza: asiyekuwapo aulizwe. Kwa hiyo naomba tuzingatie mambo manne.

Kwanza, daftari la wanachama lisiwe la hisa na madeni pekee. Katibu na ajue nani ni mjane, nani ni mzee asiye na mtu, nani hawezi kutembea. Mambo hayo yatunzwe kwa heshima, yasisomwe hadharani.

Pili, baada ya kila mkutano au sherehe, kabla ya kuhesabu waliohudhuria, tuhesabu ambao hawakuja. Mwanachama aliyekosa mara mbili mfululizo atembelewe na mjumbe wa karibu naye. Huenda ana shughuli. Huenda pia anaumwa.

Tatu, ubao wa matangazo uwe hai. Habari ya harusi, ya msiba, ya mechi ya vijana na ya zamu ya usafi ikae pamoja na bei ya mazao. Mtu anayekuja kusoma habari ya harusi huonekana na wenzake, na kuonekana ndiyo kinga yake ya kwanza.

Nne, tusihesabu kuwa tumemaliza kazi kwa kufanya siku moja kubwa yenye hotuba na fulana. Siku hiyo ina faida ikiwa maandalizi yake yametupitisha kila mlango. Ikiwa tumeita gari la vipaza sauti tu na kuwangoja wenye nguvu waje wenyewe, basi tumewasherehekea wenye nguvu.

Najua atakuwapo mjumbe atakayesema kuwa vijiji vyetu si Chicago, kwamba kwetu jirani humjua jirani. Ni kweli kwa sehemu, na tumshukuru Mungu. Lakini North Lawndale nayo ilikuwa mtaa wa watu waliojuana. Vijana waliondoka, kazi zikaondoka, duka likafungwa, na mazoea yakafa polepole bila mtu kupiga mbiu. Kwetu pia vijana wanaondoka kwenda mijini, na wazee wanabaki na mashamba na milango iliyofungwa. Yafaa tuanze kuuliza wakati ambapo bado tunakumbuka majina.

Naomba kila katibu, arudipo chamani kwake juma hili, afungue daftari, atafute jina moja ambalo halijasikika tangu msimu uliopita, na ampeleke mtu akabishe hodi.