Upepo, Unyevu na Mahindi Yetu

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya upepo na unyevu wa hewa, mambo ambayo kila mwenye kuanika nguo au nafaka yampasa kuyafahamu.

Watu wengi husema kwamba upepo hukausha. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Kitu chenye maji hutoa mvuke, na mvuke huo hukizunguka kama blanketi. Kazi ya upepo ni kuliondoa blanketi hilo na kuleta hewa nyingine. Hewa hiyo ikiwa kavu, itapokea mvuke zaidi; ikiwa imekwisha kujaa, haina nafasi. Ndiyo sababu huko Mombasa upepo wa Kusi, utokao baharini, waweza kuvuma kwa nguvu na shuka zikakawia kukauka. Ilhali Ukambani, wakati wa kiangazi, upepo mdogo wa mchana huzikausha upesi.

Tena angalieni saa za siku. Alfajiri hewa hutulia, ni baridi, na umande hulala majanini. Jua lipandapo, ardhi hupata moto, na hewa yenye moto huweza kuchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Hewa ya chini hupanda, na ile ya juu, iliyo kavu zaidi, hushuka ikileta upepo. Basi mara nyingi upepo na ukavu huja pamoja mchana, kwa kuwa vyote viwili huletwa na jua.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa sumu ya aflatoksini, itokanayo na ukungu uotao katika mahindi yasiyokauka vema.

Kwa hiyo anikeni mahindi juu ya turubali baada ya umande kuondoka, yageuzeni mara kwa mara, na jioni yafunikeni, maana usiku punje hunywa unyevu tena. Kabla ya kuyaweka ghalani, tieni punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise. Chumvi ikinata chupani, yarudisheni juani.

Msiupime upepo kwa nguvu zake tu. Angalieni umetoka wapi na umebeba nini. Kwaherini.