Neno "Mbovu" Halitoshi: Kuufufua Mtambo Mkuukuu wa Kuchimbia Mitaro



Nyuma ya karakana nyingi, penye majani marefu na magurudumu yasiyo na upepo, huwapo mtambo ambao kila mtu ameuzoea kiasi cha kutouona tena. Katika daftari la mali mtambo huo una mstari wake, na mwisho wa mstari huo pameandikwa neno moja tu: "mbovu". Mwaka baada ya mwaka neno hilo hunakiliwa kutoka daftari kuukuu kwenda daftari jipya, mpaka siku mtambo unapofutwa na kuuzwa kwa uzito wake kama chuma chakavu. Mazungumzo haya yanahusu mtambo mmoja wa aina hiyo, mdogo na usio na fahari: kijiko cha kuchimbia mitaro kinachokokotwa nyuma ya gari. Yanahusu pia neno hilo "mbovu", ambalo kwa hakika halimwelezi msomaji wake jambo lo lote.

Mkono wa kuchimbia unaoendeshwa kwa nguvu ya mafuta si kitu cha zamani sana. Mwaka 1947, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, Vaino Holopainen na Roy Handy walibuni mkono wa namna hiyo na kuufunga nyuma ya trekta la shamba. Mwaka 1953 kampuni ya JCB ya Uingereza nayo ikatoa mtambo wake wa kwanza wenye koleo mbele na kijiko nyuma. Lakini trekta zima ni gharama kubwa kwa mtu anayetaka mtaro wa bomba la maji au msingi wa nyumba ndogo. Ndipo walipotokea watengenezaji waliouondoa mkono huo kwenye trekta na kuuweka juu ya kigari cha magurudumu mawili. Mmoja wao ni kampuni ya Smalley ya Lincolnshire, Uingereza, ambayo ilijulikana sana kwa vijiko vya aina hii.

Magurudumu ya kigari hicho hayaendeshwi na injini. Kikifika kazini, mwendeshaji huinua miguu ya kuegemea, huikita ndoo ardhini mbele yake, kisha huuvuta mkono, nao mtambo mzima hujikokota hatua moja kwa nguvu ya mkono wake wenyewe. Anayeuona kwa mara ya kwanza hucheka. Hata hivyo mtambo huo wenye injini ya nguvu ya farasi 8 au 10 huchimba mtaro ulionyooka siku nzima, na huwapunguzia watu kazi inayovunja migongo.

Kwa walimu, mtambo huu una thamani ya pekee, maana hakuna kilichofichwa. Injini iko wazi, pampu iko wazi, tangi la mafuta liko nyuma ya kiti, mipira ya mafuta inaonekana ikitoka kwenye valvu moja moja kuelekea kwenye silinda yake. Kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal, ambayo wanafunzi huikariri kutoka ubaoni na kuisahau baada ya mtihani, hapa inashikika kwa mkono. Tuseme pistoni ina kipenyo cha sentimita 7.5, eneo lake ni sentimita za mraba 44 hivi. Pampu ikiyasukuma mafuta kwa presha, ambayo vitabu vya fizikia huiita kanieneo, ya kilo 140 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni hiyo husukuma kwa uzito wa zaidi ya tani 6. Mwanafunzi mwerevu atauliza mara moja: injini ndogo kama ile inazipata wapi tani 6? Jibu ni kwamba hulipa kwa mwendo. Mkono huenda polepole, na nguvu huongezeka kwa kadiri mwendo unavyopungua.

Wapo watakaosema kwamba chuma kikuukuu ni mzigo, na kwamba nchi hii imekwisha kujifunza hivyo. Hoja hiyo haidharauliki. Mwaka 1947, katika mpango wa Waingereza wa kulima karanga huko Kongwa, yaliletwa matrekta yaliyonunuliwa katika akiba zilizobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mengi yalikufa katika miezi michache. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 za Uingereza zilikuwa zimepotea. Mambo mengi yaliuangusha mpango ule, pamoja na ukame na udongo mgumu, na si haki kuyatwisha matrekta lawama zote. Lakini mashine zilifika kabla ya karakana kuwa tayari, kabla ya vipuri, na kabla ya waendeshaji kufundishwa. Mtambo mkuukuu bila fundi ni mzigo, na mtambo mpya bila fundi huwa mkuukuu upesi sana.

Basi fundi anayeletewa kijiko kilichoandikwa "mbovu" huanzia wapi? Wengi huanza kwa kukipaka rangi, au hukimbilia kununua pampu mpya, kwa kuwa mkono hauna nguvu na pampu ndiyo mama wa nguvu. Fundi mwenye busara huanza kwa kuuliza swali moja: je, ni mkono mzima usio na nguvu, au ni silinda moja tu? Ikiwa silinda moja ni dhaifu na nyingine zote zafanya kazi vizuri, pampu haina kosa. Ubaya uko katika silinda ile au katika valvu yake. Ikiwa zote ni dhaifu, hutazama kwanza kiasi cha mafuta tangini, kisha chujio, maana chujio lililoziba huikosesha pampu mafuta ya kuvuta, kisha valvu ya usalama, ambayo springi yake ikichoka huyarudisha mafuta tangini kabla hayajafanya kazi. Baada ya hayo ndipo hufunga geji baada ya pampu na kusoma presha. Ni mara ngapi pampu nzima imetupwa kwa sababu ya chujio ambalo lingesafishwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai?

Silinda nayo ina jaribio lake. Hunyoshwa mpaka mwisho, injini huzimwa, presha huondolewa, kisha mpira wa upande wa fimbo hufunguliwa na ncha yake kuzibwa. Injini ikiwashwa na mwendeshaji akiendelea kuisukuma silinda hiyo hiyo kunyoka, tundu lililobaki wazi halipaswi kutoa mafuta. Likitoa mfululizo, sili za pistoni zimekwisha. Sili ni kipande cha mpira kinachoweza kufichwa kiganjani, na kipande hicho ndicho mara nyingi kinachouangusha mtambo mzima na kuuweka majanini.

Hapa pana jambo ambalo maafisa ugavi wanapaswa kulifahamu. Inasemwa mara kwa mara kwamba kwa kuwa kiwanda kilichotengeneza mtambo kimefungwa, vipuri havipatikani. Kwa fremu na mkono ni kweli. Lakini sili, beringi na mipira ya mafuta hutengenezwa kwa vipimo vinavyotumika duniani kote, wala havijali jina lililoandikwa kwenye mtambo. Kinachotakiwa ni kipimo sahihi. Fundi hupima mfereji ambamo sili hukaa, si sili yenyewe, kwa kuwa sili ya zamani imekwisha kulika au kuvimba. Aidha, mitambo mingi ya zamani ya Uingereza na Marekani ina hesi za inchi. Kiungo cha hesi za milimita kinaweza kuingia raundi mbili tatu na kumdanganya mtu kwamba kimekubali, kisha kikang'oka presha inapopanda.

Sili mpya juu ya fimbo iliyoliwa na kutu ni fedha iliyotupwa. Vishimo vya kutu huikata kama msasa, na baada ya siku chache mafuta yanavuja tena, na lile neno "mbovu" linarudi daftarini likiwa na nguvu mpya. Fimbo ya namna hiyo hupelekwa kupakwa kromu upya, au hukerezwa nyingine.

Adui mkubwa kuliko kutu ni uchafu. Ndani ya valvu kuna kijiti cha chuma kinachoteleza katika tundu lake, na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Chembe za mchanga zikiingia humo hukikwangua au hukikwamisha. Kwa hiyo mtambo huoshwa kabla ya kufunguliwa, kila mpira unaotolewa huzibwa mdomo, na kazi haifanywi uwanjani siku ya upepo. Mafuta ya zamani husomwa kabla ya kumwagwa: yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji; yakimetameta, pampu inajisaga. Ama wale wanaojaza tangi kwa mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini za magari, au kwa mafuta ya breki kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo stoo, hao hawatengenezi. Mafuta ya breki huziharibu sili za kawaida za mitambo hii.

Kuna hatari moja ambayo haina budi kutamkwa waziwazi, kwa sababu imewapoteza watu vidole na mikono katika nchi nyingi. Mpira wa mafuta ukitoboka kitundu kama cha sindano, mafuta hutoka kwa nguvu inayoweza kupenya ngozi. Kijana huona ukungu, hupeleka kidole atafute panapovuja, na huhisi kama amechomwa na mwiba. Haoni damu nyingi, wala hasikii maumivu makali saa ile. Jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali mara moja, siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kwamba mafuta yameingia chini ya ngozi. Anayesubiri mpaka kesho anaweza kukatwa mkono. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa mkono. Na kabla ya kufungua kiungo cho chote, ndoo hushushwa mpaka ardhini, injini huzimwa, na vishikio huchezwa huku na huko ili presha iliyobaki itoke.

Pini na bushi za viungo hudharauliwa, kwa sababu mtambo huchimba hata zikiwa zimelegea. Lakini ulegevu wa milimita 3 kwenye shina la mkono huwa sentimita kadhaa kwenye meno ya ndoo, na mtaro hupinda. Matundu yaliyopanuka hujazwa kwa kuchomelea, kisha hutobolewa upya yakiwa katika mstari mmoja. Baada ya hapo grisi, kila siku ya kazi. Hakuna kazi rahisi kuliko kutia grisi, wala hakuna inayosahauliwa zaidi.

Kisha ipo barabara. Mtambo huu husafiri nyuma ya gari, katikati ya watoto wanaotoka shule na watu wa baiskeli. Tairi iliyokaa juani miaka mingi inaweza kuwa na mistari yake yote na bado ikawa imepasuka ubavuni. Beringi za magurudumu hufunguliwa na kutiwa grisi mpya, mchuma wa kukokotea hukwanguliwa rangi ili nyufa zionekane, na minyororo ya usalama hufungwa. Mkono nao hufungwa kwa pini ya chuma. Mwendeshaji asiutegemee kubaki juu kwa nguvu ya mafuta, kwani mafuta huvuja polepole safarini, na mkono unaoshuka au kugeuka ubavuni mwa barabara hauchagui wa kumpiga. Fundi anayeupa mtambo injini safi na kuusahau mchuma wa kukokotea ameutengeneza ili uende ukaue mbali zaidi.

Si kila mtambo unaostahili juhudi hiyo. Fremu iliyooza, au mkono uliochomelewa mara nne mahali pale pale, ni halali ya wanunuzi wa chuma chakavu, na hakuna aibu kutia sahihi ya kuufuta. Ila sahihi hiyo itanguliwe na karatasi inayosema: presha imepimwa, imeonekana kiasi hiki, silinda ya ndoo inavuja ndani, mchuma wa kukokotea una ufa wa urefu huu. Karatasi ya namna hiyo inaweza kumfikia mtu mwenye sili stoo, au mwalimu wa ufundi anayetafuta mtambo wa kufundishia. Neno "mbovu" haliwezi kumfikia mtu huyo.

Mtambo uliofufuliwa hujaribiwa bila haraka: kwanza juu ya ardhi, kila silinda ikinyoshwa na kukunjwa mpaka hewa itoke, kisha mafuta huongezwa, kisha mtaro mfupi katika udongo laini, huku mtu akipapasa nje ya tangi kuona joto linavyopanda. Mtaro wenyewe nao uheshimiwe. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtambo unaochimba upesi huwashawishi watu kuingia upesi katika shimo lenye kuta zisizoegemezwa.

Rangi huja mwisho, baada ya siku kadhaa za kazi bila kuvuja. Fimbo za silinda hufunikwa zisiguswe na rangi, vinipeli vya grisi huachwa wazi, na kile kibati kidogo chenye namba ya mtambo hupanguswa tu kwa kitambaa, ili fundi atakayekuja baadaye aweze kukisoma.