Kobalti Ni Yetu, Ufundi Wake Uwe Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wakaaji wa mji)



Tumekutana kwa shauri moja: mali ya inchi yetu inatengenezwa wapi, na nani analipwa kwa kuitengeneza?

Sisi makarani tunaandika makaratasi ya mizigo, tunajua kinachotoka. Kobalti inapita Kasumbalesa ndani ya mifuko, ni unga wenye maji. Hata ukikaushwa, karibu 30 tu kwa 100 ya uzito wake ni kobalti yenyewe. Inafika Durban au Dar es Salaam, inapanda meli, na sehemu kubwa inakwenda Uchina. Huko wanaisafisha, wanaichanganya na nikeli na manganezi, wanafanya unga wa batri, kisha batri, kisha motokari. Kila hatua beyi inapanda, na kila hatua iko mbali na watoto wetu. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti iliyochimbwa duniani.

Wengine wanasema Wachina wanatushinda akili. Sivyo. Serikali yao ilitia mali kabla ya kuvuna. Tangu 2009 ilikuwa ikisaidia miji kununua motokari za umeme, ili viwanda vya kwao vipate wanunuzi na mafundi wao wapate kujifunza.

Wengine wanasema tufunge mlango. Serikali yetu imejaribu: Februari 2025 ilizuia kobalti isitoke, na tangu 16 Oktoba 2025 kila kampuni inapewa kipimo. Kipimo cha inchi nzima kwa mwaka 2026 ni tani 96,600. Beyi imepanda, nasi tunasifu jambo hili. Lakini tuangalie Indonesia. Januari 2020 ilikataza nikeli ghafi isitoke. Viwanda vikajengwa kwao, lakini mali na ufundi wa viwanda vingi ni vya Wachina. Mlango uliofungwa unaweza kuleta furu. Ufundi unapatikana kwa masomo, na masomo yanataka franka.

Mbegu tunayo. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja, na mwaka huo kituo cha uchunguzi wa batri kilianzishwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Uchunguzi wa BloombergNEF wa mwaka 2021 ulihesabu kwamba kiwanda cha kutoa tani 10,000 za unga wa batri kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, theluthi moja tu ya gharama ya Marekani.

Tuseme pia neno linalouma. Gécamines, mali ya serikali tangu 1967, ilifika karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 zilibaki tani 30,000 hivi. Faida ililiwa, masini zikazeeka, na mwaka 1990 machimbo ya Kamoto yakaanguka. Mkulima aliyekula mbegu asilaumu mvua. Kwa hiyo tunataka serikali itoe mali, na tunataka kuona inapokwenda.

Tunadai mambo matatu.

Kwanza: sheria ya machimbo ya mwaka 2018 inaweka 10 kwa 100 ya ushuru wa madini katika mfuko wa vizazi vijavyo. Sehemu ya mfuko huo isomeshe mafundi na kukipa nguvu kituo cha Lubumbashi, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila miezi mitatu.

Pili: umeme. Waya wa Inga unafika Kolwezi tangu 1982, kilometa 1,700 hivi, lakini nguvu haitoshi; makampuni yananunua Zambia au yanachoma mazuti. Serikali itengeneze Inga, na kiwanda kinachomaliza kazi hapa kipate umeme wa kwanza.

Tatu: kila kampuni ya kigeni iingize vijana wetu ndani ya laboratwari, wasibaki kwenye makoleo na usukani tu.

Wandugu, tarehe 30 Juni 1960 tulipata bendera. Lakini mwenye madini asiyejua kuyasafisha anangoja beyi kwa anayejua. Basi depite akija kuomba kura zenu, muulizeni mbele ya watu wote: mfuko ule una franka ngapi, na umesomesha vijana wangapi? Asipojibu, muulizeni tena mkutano ujao.