Miaka ya Ulimwengu, Siku Sita za Uumbaji

Msikilizaji, umeme ukikatika hapa Lumemo, nyota hujaa juu ya Milima ya Udzungwa, na mtoto huuliza: zilianza lini? Wanasayansi husema ulimwengu una miaka ipatayo bilioni 13.8. Biblia na Kurani zinataja siku sita. Kwa nini swali hilo lituguse? Kwa sababu mtoto akikaripiwa kwa kuuliza, ataacha ama sayansi ama sala.

Wapo wanaohofia kwamba maswali hayo yatamomonyoa imani, na hofu yao naielewa. Kwa upande mwingine, aliyetoa hoja mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianzia kwenye chembe moja ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji! Aliadhimisha misa, akapiga na hesabu.

Je, sisi wazazi na walimu wa dini tutamwacha mtoto aulize?