Tumuulize Kabla ya Kumvisha Koja



Mashekhe wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliotoka baharini alfajiri mkaja hapa badala ya kwenda kulala, ahsanteni. Sitawaweka sana, jua lenyewe mnaliona.

Nimeombwa niseme juu ya wagombea. Agosti 10, 2027, inshallah, tutapiga kura, na kabla ya siku hiyo boti zenye bendera na vipaza sauti zitatia nanga hapa Kiwayu na pale Chandani moja baada ya nyingine. Atakayeshuka, awe anataka ugavana, ubunge au uwakilishi wadi, atakuwa na mambo mawili mdomoni: usalama na shule. Nawasikiliza tangu 2013 na sijamsikia hata mmoja aliyeyasahau. Wala hawakosei kuyataja, ni haja zetu za kweli. Lakini mtu anayeomba ugavana akatuahidi askari na walimu, anatuahidi mali ya jirani.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Mombasa ilikuwa na meya, na baraza lake la manispaa lilisimamia shule za msingi za mji. Sisi Lamu tulikuwa na baraza la kaunti na mwenyekiti wake. Hayo yote yalikwisha na uchaguzi wa Machi 4, 2013. Katiba ya 2010 iligawa kazi upya, na mgawo wenyewe umo kwenye Jedwali la Nne, hausomwi kwa ruhusa ya mtu. Polisi ni wa serikali kuu. Shule za msingi na za upili ni za serikali kuu, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, si na gavana. Kaunti ilipewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, na jambo moja ambalo wagombea hulipita mbio: vivuko na bandari, ukitoa zile shughuli za meli za kitaifa na kimataifa. Mtu wa bara akikisoma kifungu hicho hana haja nacho. Kwetu sisi hicho ndicho barabara.

Sasa je, tumwambie gavana usalama haumhusu? Hapana. Subirini nifike.

Septemba 11, 2011, usiku, watu wenye silaha waliingia hoteli iliyokuwa ng'ambo yetu, upande wa Mkokoni. Mgeni wa Kiingereza akauawa, mkewe akachukuliwa kwa boti hadi Somalia, asiachiliwe mpaka Machi 2012. Mwezi haujatimia, Oktoba 1, mama wa Kifaransa akatekwa Manda, naye akafia mikononi mwa waliomteka. Katikati ya Oktoba jeshi letu likavuka mpaka. Hoteli ikafungwa, na waliokuwa wakipika, wakiendesha boti na kuliuzia jiko lake samaki na kamba wakarudi nyumbani. Ikaja marufuku ya kuvua usiku, ikadumu miaka. Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata. Walimu wakaondoka Basuba, shule zikafungwa, watoto wa Kiboni wakapelekwa bweni Mokowe.

Sisemi serikali haikuwa na sababu. Sababu tuliziona kwa macho. Nasema ya kwamba katika kila amri iliyotolewa, mwenye bahari hakuulizwa. Yuko mtu hapa asiyejua kuwa samaki wa usiku hawavuliwi adhuhuri? Aliyepiga marufuku hakujua, au alijua na hakujali, na kwa mwenye watoto wa kulisha yote mawili ni mamoja. Mpaka leo mvuvi wetu akiingia chomboni usiku ananing'iniza kitambulisho shingoni ndani ya kifuko cha nailoni, kimefungwa kwa kipande cha mshipi, kwa sababu taa ya doria ikimmulika hana muda wa kupapasa mifukoni. Mikono imelowa, inateleza utumbo wa chambo, na kile kifuko kimeshaingia maji ya chumvi, sura yenyewe kwenye kadi haionekani vizuri. Askari naye ni kijana kutoka mbali, hajui Kibajuni, anaogopa. Hapo usalama wa wote wawili umeshikiliwa na uzi wa mshipi.

Na liko jambo ambalo naona wagombea wote watalikwepa, kwa hivyo nitalisema mimi. Baada ya lile shambulio la 2011 alikamatwa mtu wa hapa kwetu, Mboni. Sehemu kubwa ya kesi yake hakuwa na wakili. Mwaka 2013 akahukumiwa kifo. Aliendelea kukaa jela mpaka 2023, Mahakama Kuu ilipoibatilisha hukumu ile. Zaidi ya miaka kumi ya uhai wa mtu! Ibara ya 49 ya Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Ibara ya 50 inasema mshtakiwa apewe wakili na serikali pale ambapo kukosa wakili kutamdhulumu pakubwa. Hizo ibara zilikuwako alipokuwa kizimbani. Kwa hivyo mgombea akisimama hapa akasema ataleta usalama, nataka aniambie usalama wa nani, na kutokana na nani. Mama asiyejua kama mwanawe akichukuliwa usiku atamwona kortini kesho yake hana usalama, hata kama kambi ya askari iko mlangoni pake. Na kijiji kinachoogopa askari hakitampa askari habari. Yule mwenye nia mbaya msituni anafurahi kwa hilo kuliko yeyote.

Nilisema msubiri. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, imeunda Mamlaka ya Polisi katika kila kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, au waziri wake wa kaunti atakayemteua. Ndani yake wamo wakuu wa polisi, wa upelelezi na wa ujasusi wa kaunti, wamo wawakilishi wa Bunge la Kaunti, na wamo raia wasiopungua sita ambao gavana ndiye anayewateua: kutoka kwa wafanyabiashara, wanawake, vijana, wenye ulemavu, watu wa dini na vikundi vya wananchi. Hapo ndipo pa kuulizia kwa nini doria inawasumbua watu wa kamba, nani alikamatwa wiki hii, na boti gani ngeni imeonekana Mkokoni. Gavana hawezi kumwamrisha polisi akamate au aachilie. Lakini kiti cha kumwitia mkuu wa polisi mezani anacho, kwa sheria. Basi mgombea akikwambia usalama si kazi ya kaunti, ameisoma Katiba akaiacha sheria. Mwulize: utakalia kiti hicho mwenyewe? Katika wale sita, mvuvi wa Lamu Mashariki yumo? Kikao kitafanyika Mokowe tu, au kitakuja Faza na Kiunga?

Shule sasa.

Mwalimu akipangiwa kazi hapa, jambo la kwanza analokutana nalo si watoto wetu, ni bahari. Wakati wa kusi, Juni na Julai, mawimbi ya nje ya Ndau mnayajua. Mwalimu amekwenda Lamu Ijumaa kushughulikia karatasi zake, Jumatatu hakuna nahodha anayethubutu, darasa limekaa linaangalia ubao mtupu. Hapo kijiji kinamsema vibaya. Mimi simsemi. Mtu aliyezaliwa Machakos, hajui kuogelea, anapandishwa boti ya mafuta na magunia bila hata jaketi la kuokolea maisha, analipa nauli ambayo inakula sehemu ya mshahara wake, akifika hana nyumba ya kukaa ila chumba cha kuomba. Akiomba uhamisho baada ya muhula mmoja, amefanya ambalo ningemshauri mwanangu alifanye.

Gavana hawezi kutuletea mwalimu. Anaweza kutuletea boti. Boti ya kaunti yenye siku zake na saa zake, yenye nahodha anayelipwa mshahara, yenye majaketi ya kutosha abiria wote, na gati ambalo mama mjamzito hatabebwa mgongoni kwenye maji ili alifikie. Boti hiyo hiyo ndiyo ya mgonjwa, ya mwalimu, ya karatasi za mtihani na ya yule mkaguzi ambaye hatumwoni. Mgombea ambaye vipaumbele vyake vya elimu havianzii kwenye boti, kwa maoni yangu, hajafika hapa kwa nauli yake.

Mwanafunzi wa gavana hasa ni yule wa miaka 4 na 5. Chekechea ni ya kaunti, mwalimu wake ni wa kaunti, uji wake ukipikwa ni wa kaunti. Na hao ndio wasiotajwa jukwaani, kwa sababu hawapigi kura na picha zao hazitangazwi siku ya matokeo ya mitihani. Msidharau akili zao. Wale watoto waliokuwa wakiokota kandambili zilizoletwa na bahari hapa pwani kwetu na kuzichonga za kuchezea, mwaka 1997, wazo lao liliokotwa likapelekwa Nairobi likawa kiwanda, na leo wanyama wa kandambili wanauzwa Ulaya na Marekani. Hao hawakuwa na vitabu vya picha. Wangekuwa navyo ingekuwaje?

Wakubwa zao nao wana shida yao. Tangu 2023 sekondari ya msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, na Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia gredi ya 10. Hapo mtoto hana budi kuvuka maji, na karo inaanza. Mgombea atakuja na basari. Sawa, tumpokee, lakini tumuulize swali la mtu mzima. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka kwamba kaunti zisitoe basari za shule za upili bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa kazi hiyo si yao. Magavana wakapinga, jambo likafika mahakamani, na wazazi wakabaki katikati. Kwa hivyo asiniambie atatoa kiasi gani. Aniambie mkataba uko wapi. Katiba, ibara ya 187, inaruhusu serikali hizi mbili kukabidhiana kazi kwa makubaliano. Kwa njia hiyo hiyo anaweza kujenga nyumba za walimu akazikabidhi. Akikuonyesha hati, mvishe koja.

Nimesema sana juu ya wao. Na sisi?

Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 143,920 Lamu nzima, na katika hao Lamu Mashariki ni 22,258. Gavana anaweza kushinda bila kukanyaga mchanga wa Kiwayu. Hilo tulijue bila uchungu, maana wachache hawawezi kujigawa. Lakini kila msimu tunajigawa: huyu wa mtaa ule, huyu mkwe wetu, huyu alitoa kilo mbili za sukari na leso. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika mtoa rushwa na mpokeaji pia. Sheria hiyo, nadhani, haijamtisha mtu hapa. Basi tuache sheria, tupige hesabu ya sokoni: sukari ya siku tatu kwa boti ya miaka mitano. Nani angemruhusu mwanawe aende dukani akafanye biashara hiyo?

Kura ni siku moja. Bajeti ni kila mwaka, nayo ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Mwelekeo wa matumizi ya fedha hufikishwa kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe, kabla ya Aprili 30. Julai 1 mwaka wa fedha unaanza, na ambacho hakikuandikwa hakina pesa, hata gavana akiwa mjomba wako. Na atakayeapishwa baada ya Agosti 2027 ataandika mpango mpya wa miaka mitano, kwa sababu huu wa sasa unamalizika mwaka huo huo. Boti, gati, chekechea, kiti cha mvuvi kwenye Mamlaka ya Polisi: yasipoingia kwenye karatasi hiyo katika miezi ya mwanzo, tutayasikia tena kwenye kipaza sauti mwaka 2032. Umma una haki ya kusikizwa kabla ya karatasi kupitishwa. Mikutano hiyo haiji Kiwayu. Tutaifuata.

Basi kabla hamjainuka nataka watu watatu watakaokwenda kutusemea, wagombea wakija na bajeti ikija: mvuvi mmoja wa usiku, mama mmoja mwenye mtoto chekechea, na kijana mmoja mwenye mwandiko wa haraka wa kuandika kila jibu pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa. Mafuta ya boti tutachanga. Mvuvi kwanza. Nani?